Anayesahau majina yetu hajasahau kutupenda

KILA sifa njema ni Yake Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu katika udhaifu, kisha akampa nguvu, kisha baada ya nguvu akamrudisha katika udhaifu na mvi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao hadi Siku ya Mwisho.

Ama baada ya hayo. Ijumaa moja, watu walipokwisha kutawanyika, dada mmoja alitungojea nje ya msikiti, upande wa mlango wa akina mama. Baba yake, mzee aliyeshona kanzu na makoti kwa zaidi ya miaka 40, sasa hamjui tena binti yake huyo. Kila jioni humwita "mama". Akimwambia, "Baba, bibi alifariki zamani, mimi ni mwanao," mzee huangua kilio kama mtu aliyeletewa habari za msiba sasa hivi. Kesho yake jioni humwita mama tena, na kilio huanza upya.

"Sheikh," alituambia, "nikimkatalia ninamliza. Nikimwitikia ninamdanganya baba yangu mzazi. Nifanye nini?" Kisha akainamisha uso na kuongeza swali la pili, ambalo tulihisi ndilo hasa lililomleta: "Na je, bado ananipenda?"

Swali la kwanza ni la sharia, na jibu lake si gumu. La pili lilitukalia moyoni wiki nzima. Kwa kuwa tunajua kuwa nyumba nyingi za Waislamu zina mzee wa namna hii, tumeona tulijibu hapa mbele ya wote.

Ni maradhi, si uchawi wala ukaidi

Qur'ani Tukufu imeizungumzia hali hii waziwazi. Katika Surat An-Nahl, aya ya 70, na Surat Al-Hajj, aya ya 5, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatueleza kuwa wapo miongoni mwetu watakaorudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, wakawa hawajui kitu baada ya kuwa walijua. Naye Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Imamu Bukhari, alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na kurudishwa katika umri huo. Jambo ambalo Mtume wetu aliomba kukingwa nalo si la mzaha wala la kuchekea watoto wakiwa uani.

Wataalamu wa tiba huiita hali hiyo demensia. Si ugonjwa mmoja, bali ni jina la dalili zinazoletwa na maradhi mbalimbali yanayoua chembe za ubongo. Lililo mashuhuri zaidi ni maradhi ya Alzheimer, yaliyopewa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeyaeleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Hayo huchukua kiasi cha wagonjwa 60 hadi 70 katika kila 100. Wengine huharibikiwa na mishipa midogo ya damu ya ubongo, hasa kwa shinikizo la damu lisilotibiwa na kwa kiharusi.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hii, na zaidi ya nusu yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama zetu. Wale wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu wanakosea. Watafiti waliowapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, waliwakuta nayo wazee takriban 6 katika kila 100.

Hivyo basi, mama anayetoka usiku na kupotea njia katika mtaa aliouzoea hajawa mchawi. Tunalisema hili kwa uzito, kwani katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma kama hizo, na damu yao itaulizwa. Wala mzee anayeuliza jambo moja mara kumi hafanyi ukaidi. Apelekwe hospitali mapema, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, maambukizi na sonona huweza kuleta usahaulifu unaofanana na huu, nayo hutibika. Ama demensia ya Alzheimer yenyewe, hadi leo haijapatiwa dawa ya kuiponya.

Harufu ya Yusuf

Tumrudie binti wa fundi cherehani na swali lake la pili. Katika kulitafakari tulifika kwenye Surat Yusuf, aya ya 94, na tukasimama hapo.

Msafara umeondoka Misri ukiwa umebeba kanzu ya Nabii Yusuf (A.S.). Huku mbali, baba yake, Nabii Yaaqub (A.S.), ambaye macho yake yamefifia kwa huzuni ya miaka mingi, anawaambia watu wa nyumba yake kuwa anaisikia harufu ya Yusuf. Lakini kabla ya kusema hivyo kikamilifu anajihami: lau si kwamba mtaniona nimepungukiwa na akili. Neno la Kiarabu lililotumika hapo linatokana na *fanad*, nalo wafasiri wamelieleza kuwa ni kuharibikiwa na akili na maneno kwa sababu ya uzee. Aliijua jamaa yake. Na kweli, aya ya 95 inatuonyesha jinsi walivyomjibu, kwamba angali katika upotevu wake wa zamani.

Hatusemi hata kidogo kuwa Nabii Yaaqub (A.S.) alikuwa na maradhi haya. Mitume wamehifadhiwa. Tunachokisema ni kuwa funzo la aya hizi linawahusu wale waliomzunguka. Walimsikia mzee akitaja jina la mtoto aliyepotea zamani, wakakata shauri kuwa ni maneno ya uzee, wakaufunga mlango. Ilipofika kanzu na kuwekwa usoni mwake, ikadhihiri kuwa mzee yule pekee ndiye aliyekuwa akisema kweli katika nyumba nzima.

Nasi katika nyumba zetu, mara ngapi tumeufunga mlango huo? Mzee anasema neno, sisi tunatazamana na kutabasamu. Bibi anataja jina la mtu, tunasema, "Mwacheni, anaweweseka." Huenda habari anayotupa ina kasoro, ilhali moyo unaoitoa hauna kasoro.

Kumbukumbu huondoka, hisia hubaki

Maneno haya si ya kufariji tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwachukua wagonjwa 17 wa Alzheimer na watu wazima 17 wenye afya, wakawaonyesha filamu za kuhuzunisha, na kisha za kufurahisha. Baada ya dakika chache wagonjwa hawakuweza kueleza walichokiona, au walikumbuka machache mno. Lakini walipoulizwa kuhusu hali ya nyoyo zao, huzuni ilikuwa ingalimo, na furaha hali kadhalika. Jambo la ajabu ni kuwa wale waliokumbuka kidogo zaidi ndio waliobaki na huzuni kwa muda mrefu zaidi.

Sababu yake inaelezeka. Sehemu ya ubongo inayohifadhi habari mpya, iitwayo hipokampasi, ni miongoni mwa zinazoshambuliwa mwanzo na Alzheimer. Hisia zina njia nyingine, na hazingoji habari ihifadhiwe ndipo zikae.

Tulipoyasoma hayo tulitetemeka. Ina maana kuwa ukimkaripia mzazi asubuhi, atausahau ukali wako kabla ya chai kupoa, lakini moyo wake utabaki umejeruhiwa bila yeye kujua nani alimjeruhi wala kwa nini. Na ukimchekea, ukamfunika shuka, ukamshika mkono, atalisahau tendo na kubaki na utulivu wake. Aya ya 23 ya Surat Al-Israa inatukataza kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuchoshwa nao wanapofikia uzee nasi tukiwa nao. Wapo wanaojipa ruhusa wakisema, "Si hakumbuki?" Kusahau kwake hakukufuta neno lako. Malaika wameliandika, na moyo wake umelipokea.

Jaji na mume wake

Upo mkasa mmoja ulioenea sana duniani. Sandra Day O'Connor alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, tangu mwaka 1981. Mume wake, John, alipatwa na Alzheimer, na mwaka 2005 jaji huyo alitangaza kujiuzulu ili amhudumie. Hatimaye mume alilazimika kuishi katika nyumba ya kulelea wagonjwa, na mwaka 2007 mtoto wao alieleza hadharani jambo zito: baba yao alikuwa amempenda mama mmoja mgonjwa mwenzake humo ndani. Walikuwa wakikaa wameshikana mikono, hata mbele ya mkewe. Na mkewe, kwa maelezo ya mtoto huyo, hakukasirika. Alifarijika kuona kuwa mume wake, aliyekuwa na dhiki kubwa, amepata utulivu. John alifariki mwaka 2009. Jaji mwenyewe alitangaza mwaka 2018 kuwa naye amepatwa na demensia, akafariki mwaka 2023.

Hatuuleti mkasa huu ili kuhalalisha ukaribu wa mwanamume na mwanamke wasio maharimu. Mipaka ya sharia inajulikana, na wenye akili timamu ndio wanaowajibika kuilinda kwa niaba ya asiyenazo. Tunauleta kwa sababu unatuonyesha jambo ambalo wengi wetu hatutaki kulitazama. Mtu yule alikuwa amesahau ndoa ya miaka 55, lakini haja ya kupenda na kupendwa ilikuwa ingali hai ndani yake. Mkono wake ulikuwa ukitafuta mkono.

Basi tujiulize, mikono ya wazee wetu inashikwa na nani? Wengi tunawalisha, tunawaogesha na kuwabadilisha nguo kwa wakati, na hilo ni jema lenye malipo makubwa. Lakini siku nzima hupita bila mtu kuketi karibu na mzee kwa ajili ya kuketi tu. Mke ambaye mumewe hamtambui na anauliza, "Nani huyu chumbani mwangu?", asione kuwa ameachwa. Akae kando kidogo, azungumze kwa sauti ile ile aliyoizoea mumewe, avae rangi anazozijua. Mara nyingi sauti hufika pale ambapo jina limeshindwa. Mtume wetu (S.A.W.), baada ya kufariki Bibi Khadija (R.A.), alisikia siku moja Hala, dada yake Khadija, akibisha hodi. Akaikumbuka hodi ya mkewe, na moyo wake ukataharuki. Sauti moja tu mlangoni iliirudisha nyumba nzima ya zamani.

Maneno yakiisha, mtu hajaisha

Mwenye maradhi haya hupungukiwa na maneno, lakini haja ya kujieleza haimtoki. Mchoraji mmoja mzaliwa wa Marekani aliyeishi London, William Utermohlen, aligunduliwa kuwa na Alzheimer mwaka 1995. Aliendelea kujichora uso wake mwenyewe kwa miaka kadhaa hadi mkono uliposhindwa, akafariki mwaka 2007. Hapa hatuingii katika hukumu ya picha. Tunachokiangalia ni kuwa uso ulizidi kuvurugika katika kila picha, na bado alikuwepo mtu anayesema, "Tazameni, hivi ndivyo ninavyohisi."

Nasi tulijifunza hili kwa aibu. Mwalimu wetu wa madrasa, aliyetufundisha herufi ya kwanza hadi tukahitimu msahafu, alipatwa na maradhi haya mwishoni mwa umri wake. Tulipokwenda kumzuru tuliketi mbele yake na kumsaili kama mtahini: anatukumbuka, atutaje jina, tulisoma naye mwaka gani? Alitabasamu, akaomba maji asiyoyanywa. Tulipomwuliza mara ya tatu aligeuza uso wake ukutani. Mkewe, mwenye busara kuliko sisi tuliokwenda hadi chuo kikuu, alitunong'oneza, "Mwanangu, usimuulize. Msomee."

Tukaanza Surat Yaasin. Mahali fulani tulifupisha irabu inayostahiki kuvutwa, na hapo kidole cha mwalimu kikagonga goti letu mara mbili, kama kilivyokuwa kikigonga tulipokuwa watoto. Tukarudia, tukavuta panapostahiki. Akaweka kiganja chake juu ya goti lile na hakukiondoa hadi tulipomaliza sura. Jina letu hakulitaja siku ile wala siku nyingine. Tulitoka tukiwa tumejua kuwa tulikuwa tukimdai kitu asichokuwa nacho, ilhali alikuwa na kingine cha kutupa.

Jibu kwa binti wa fundi

Sasa tunakujibu, dada yetu. Mwaka wa 8 Hijria, ilipofunguliwa Makka, Abubakar (R.A.) alimleta baba yake Abu Quhafa, mzee aliyepofuka, mbele ya Mtume (S.A.W.). Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alisema kwamba mzee yule angeachwa nyumbani kwake, na yeye Mtume ndiye angemwendea. Hiyo ndiyo kanuni. Mzee afuatwe alipo, asiburutwe kuletwa tulipo sisi.

Baba yako akisema "mama", huna haja ya kusema kuwa wewe ni mama yake, na hivyo hutasema uongo. Wala huna haja ya kumzika bibi yako upya kila magharibi. Mwitikie, "Nipo hapa, baba." Hilo ni kweli tupu. Kisha umuulize: mama alikuwa akikupikia nini? Alikuwa akikuita nani ulipokuwa mdogo? Wanachuoni wanaijua njia hii ya kusema kweli isiyoumiza, nao huiita tauria. Hali kadhalika akisema jioni, "Nataka kwenda nyumbani," ilhali yumo nyumbani, usishindane naye. Anachokitafuta ni amani aliyoizoea zamani. Mshike mkono, tembeeni naye uani, kisha mrudi.

Ama swali lako la pili. Kwa mtu aliyerudi kwenye udhaifu wa utoto, mama ni nani? Ni yule anayemlisha, anayemwosha, anayemfunika usiku, ambaye akija hofu inaondoka. Baba yako amepoteza majina yote, na katika machache yaliyosalia amelichagua kubwa kuliko yote akakupa wewe. Unauliza kama bado anakupenda? Anakuambia kila jioni.

Haki za mgonjwa na haki za mlezi

Hatutaki kuyapamba maradhi haya. Wapo wazee wanaopiga, wanaotukana, wanaomtuhumu mke wa mtoto wao kuwa ni mwizi. Maneno hayo ni ya maradhi, na kalamu imeondolewa kwa asiye na akili mpaka akili imrudie, kama ilivyothibiti katika Hadithi. Sala haimlazimu katika muda ambao hana fahamu, na akiswali rakaa tano mahali pa nne asiaibishwe. Talaka aliyoitoa akiwa hana akili haipiti. Mali yake ni yake, na wanaoigawana angali hai kwa kisingizio kuwa hajui kitu wanakula haramu.

Aidha, anayemlea ana haki. Katika familia zetu mzigo huu huachiwa binti mmoja au mkamwana mmoja, huku ndugu wengine wakituma salamu. Wema kwa wazazi ni wajibu wa kila mtoto, mume kwa mke. Anayeishi mbali atume fedha za dawa na za msaidizi. Anayeishi karibu achukue zamu ya usiku mmoja ili mwenzake alale. Mlezi aliyechoka kupita kiasi ndiye anayeteleza akasema neno asilotaka kulisema, na sehemu ya dhambi hiyo inawahusu waliomwacha peke yake.

Ndugu zetu, leo mkitoka msikitini, mwenye mzazi au babu wa namna hii aende akaketi karibu naye kwa nusu saa bila kumuuliza jina la mtu yeyote. Amsomee Qur'ani, au amshike mkono anyamaze. Akisema neno lisiloeleweka, amsikilize kama vile ilivyostahiki kusikilizwa habari ya harufu ya Yusuf.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, awape subira wanaowalea, na atukinge nasi na umri wa udhaifu. Na akitukadiria tuufikie, basi atujaalie mtu wa kutuitikia tutakapoita.

Wabillahi tawfiq.